Mipaka ya Fazi katika Michanganyiko ya Fuwele Kimiminika: Kwa Nini Kuyeyuka na Kung'aa Havifuati Kanuni Moja

Ikisiri

Ni mara chache kampaundi moja ya fuwele kimiminika huwa na upana wa halijoto unaotosheleza matumizi ya kiufundi. Kwa sababu hiyo, vifaa vinavyotumia maada hii hujazwa michanganyiko. Makala haya yanafafanua jinsi fazi zinavyobadilika pale kampaundi mbili au zaidi zinapochanganywa, na yanatumia familia ya sianobaifenili pamoja na mchanganyiko unaojulikana kwa jina la E7 kuwa mfano mkuu. Hoja inayojengwa ni kwamba mchoro wa fazi wa mchanganyiko hautawaliwi na kanuni moja. Mpaka wa kuyeyuka huamuliwa na fuwele yabisi, ambayo kwa kawaida haipokei molekuli ngeni. Mpaka wa kung'aa huamuliwa na fazi mbili ambazo zote huipokea. Mpaka wa smektiki huamuliwa na matabaka, ambayo molekuli ngeni inaweza kuyavunja au kuyazalisha. Makala yanahitimisha kwa kuonesha athari za tofauti hiyo katika upimaji na uripoti wa matokeo.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akifanya kazi mjini Prague, aliona kwamba kolesteroli benzoeti ina kile kilichoonekana kuwa viwango viwili vya kuyeyuka. Katika nyuzi 145.5 za sentigredi yabisi iligeuka kuwa kimiminika chenye ukungu. Katika nyuzi 178.5 ukungu ulitoweka na kimiminika kikawa angavu. Mwanafizikia Mjerumani Otto Lehmann alikichunguza kimiminika hicho chenye ukungu kwa hadubini, akabaini kwamba kinatiririka kama kimiminika lakini kinaathiri mwanga kama fuwele. Hapo ndipo lilipoanzia jina la fuwele kimiminika. Mwaka 1922 Georges Friedel wa Ufaransa alizipanga fazi hizi katika makundi ya nematiki, smektiki na kolesteriki, na majina hayo yangali yakitumika.

Kwa takriban miaka themanini maarifa hayo yalibaki maabara. Sababu mojawapo ilikuwa halijoto: kampaundi nyingi zilizojulikana zilihitaji kupashwa moto mkali kabla fazi ya fuwele kimiminika haijajitokeza. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ilipodhihirika kwamba fazi ya nematiki inaweza kuongozwa kwa umeme ili kuonesha tarakimu na picha, tatizo la halijoto likawa tatizo la kiufundi. Kifaa cha mkononi au chombo cha kupimia kinachotumika nje kinahitaji maada inayobaki nematiki tangu halijoto iliyo chini ya sifuri hadi nyuzi 50 au 60. Hakuna kampaundi moja iliyopatikana wakati huo yenye sifa hiyo pamoja na uthabiti wa kikemia na mwitikio mzuri kwa umeme.

Ufumbuzi ulipatikana kwa kuchanganya. Hata hivyo, kuchanganya hakufanyi kazi kwa njia ambayo mtu angeidhania mwanzoni. Iwapo sifa zote za mchanganyiko zingekuwa wastani wa sifa za vijenzi vyake, kuchanganya kusingepanua chochote: mchanganyiko ungeyeyuka katikati ya viwango vya kuyeyuka vya vijenzi na kung'aa katikati ya viwango vyao vya kung'aa. Upana hupatikana kwa sababu mpaka mmoja hufuata wastani ilhali mwingine haufuati. Sehemu zinazofuata zinaeleza chanzo cha tofauti hiyo.

2.0 Dhana za Msingi na Istilahi

Katika makala haya neno fazi linatumika kwa maana ya sehemu ya maada yenye mpangilio mmoja wa molekuli na sifa zilezile kote ndani yake. Neno hali limeachwa litumike kwa yabisi, kimiminika na gesi kwa ujumla. Tofauti hiyo ni ya lazima kwa kuwa kampaundi moja inaweza kuwa na fazi kadhaa ambazo zote hutiririka.

Molekuli zinazohusika hapa zina umbo la kijiti: kiini kigumu cha pete za benzini, na mkia mwepesi wa alkili upande mmoja. Katika fuwele yabisi, kila molekuli ina nafasi yake na mwelekeo wake. Katika fazi ya smektiki A, molekuli zimejipanga katika matabaka na kusimama wima ndani ya tabaka, lakini ndani ya tabaka hilo hazina nafasi maalumu. Katika fazi ya nematiki, matabaka hayapo. Kinachobaki ni mwelekeo wa pamoja, mfano wa mitumbwi iliyotia nanga ambayo mkondo huielekeza upande mmoja ingawa haikupangwa safu. Katika fazi isotropiki, yaani kimiminika cha kawaida, hata mwelekeo huo hutoweka.

Halijoto ambayo fuwele yabisi hugeuka kuwa fuwele kimiminika itaitwa kiwango cha kuyeyuka, na ile ambayo nematiki hugeuka kuwa isotropiki itaitwa kiwango cha kung'aa. Upana wa nematiki ni tofauti kati ya mpaka wake wa chini, ambao unaweza kuwa na yabisi au na smektiki, na kiwango cha kung'aa. Halijoto zote zimetolewa kwa nyuzi za sentigredi, isipokuwa ndani ya milinganyo ambamo hutumika kelvini.

Jambo moja la kiasi linapaswa kutajwa mapema kwa sababu maelezo yote yanayofuata yanalitegemea. Joto linalohitajika kuyeyusha mole moja ya kampaundi za aina hii ni la makumi ya kilojuli. Joto linalohitajika kuigeuza nematiki kuwa isotropiki kwa kawaida halifiki kilojuli moja au linakaribia tu kiasi hicho. Kwa maneno mengine, kuporomoka kwa fuwele yabisi ni badiliko kubwa, ilhali kung'aa ni badiliko dogo, ingawa kwa macho kung'aa ndiko kunakoonekana wazi zaidi.

3.0 Mpaka wa Kuyeyuka

Fuwele yabisi hujengwa na molekuli zinazotoshana. Molekuli ya kampaundi nyingine yenye mkia mrefu zaidi au kiini kipana zaidi haipati nafasi katika mpangilio huo bila kuuvuruga. Kwa hiyo mchanganyiko wa kampaundi A na B unapopoa, kinachojitenga kwanza kwa kawaida ni fuwele ya A tupu au ya B tupu, wala si fuwele ya zote mbili kwa pamoja. Kimiminika, kwa upande wake, kinazipokea zote mbili.

Hali hiyo ina matokeo ya kithermodinamiki. Molekuli za A zilizo katika kimiminika zimechanganyika na za B, na kuchanganyika kunaongeza entropia ya kimiminika bila kuigusa fuwele. Kimiminika hupata nafuu ambayo fuwele haiipati, na hivyo hubaki thabiti hadi halijoto ya chini zaidi. Uhusiano huo huelezwa na mlinganyo unaohusishwa na majina ya Schröder na van Laar:

ln x = −(ΔH/R)(1/T − 1/T₀)

ambapo x ni mgawo wa mole wa kijenzi katika kimiminika, ΔH ni joto la kuyeyuka la kijenzi hicho kwa mole, R ni kiwango thabiti cha gesi, T₀ ni kiwango cha kuyeyuka cha kijenzi kikiwa peke yake, na T ni halijoto ambayo kijenzi hicho huanza kuganda kutoka katika mchanganyiko. Izingatiwe kwamba mlinganyo hautaji kijenzi cha pili. Kinachoshusha kiwango cha kuyeyuka cha A si tabia maalumu ya B, bali ni ule ukweli kwamba A imepunguzwa wingi wake katika kimiminika.

Kila kijenzi kina mstari wake wa aina hiyo katika mchoro wa fazi. Mistari miwili hukutana katika nukta ya yutektiki, ambayo ndiyo halijoto ya chini kabisa ambayo mchanganyiko unaweza kuwa kimiminika ukiwa katika msawazo. Kwa vijenzi vingi, nukta hiyo hupatikana kwa kutafuta halijoto ambayo jumla ya migawo yote ya mole inakuwa moja kamili.

Mfano wa kukokotoa unaweza kuonesha ukubwa wa athari hii. Tuseme kampaundi A ya kubuni inayeyuka katika nyuzi 30 kwa joto la kilojuli 20 kwa mole, na kampaundi B ya kubuni inayeyuka katika nyuzi 50 kwa kilojuli 25 kwa mole. Mlinganyo unatoa yutektiki katika nyuzi 15.5, pale A inapokuwa na mgawo wa mole wa 0.67. Mchanganyiko huo unayeyuka nyuzi 14.5 chini ya kijenzi kinachoyeyuka mapema zaidi. Ikiongezwa kampaundi ya tatu C, inayoyeyuka katika nyuzi 60 kwa kilojuli 25 kwa mole, yutektiki inashuka hadi karibu nyuzi 8.8, kwa migawo ya 0.55, 0.26 na 0.19. Kijenzi cha tatu kimeshusha mpaka ingawa chenyewe kinayeyuka katika halijoto ya juu kuliko vingine vyote.

Mfano huo unaonesha mambo mawili zaidi. Kwanza, kila kijenzi kinachoongezwa hushusha mpaka kwa kiasi kinachopungua. Cha kwanza kilileta nyuzi 14.5, cha pili takriban 7. Pili, kijenzi chenye joto kubwa la kuyeyuka na kiwango cha juu cha kuyeyuka huingia katika yutektiki kwa kiasi kidogo. Hivyo basi, anayechagua vijenzi anapaswa kujali joto la kuyeyuka sawasawa na kiwango cha kuyeyuka.

Mlinganyo una masharti yake: kwamba yabisi ni tupu, kwamba kimiminika ni mchanganyiko bora usio na mvutano wa pekee kati ya vijenzi, na kwamba joto la kuyeyuka halibadiliki sana kwa halijoto. Sharti la kwanza ndilo linalovunjwa mara nyingi. Kampaundi mbili za familia moja zinazotofautiana kidogo tu kwa urefu wa mkia zinaweza kuingia katika fuwele moja. Hilo likitokea, fuwele nayo inanufaika na kuchanganyika, na mpaka haushuki kama ilivyotabiriwa. Kwa hiyo vijenzi vinavyofaa ni vile ambavyo maumbo yao yanatofautiana kiasi cha kutotoshana katika yabisi, lakini yanafanana kiasi cha kuchanganyika vizuri katika nematiki.

4.0 Mpaka wa Kung'aa

Katika mpaka wa kung'aa picha ni tofauti kabisa. Fazi zilizo pande zote mbili, nematiki na isotropiki, hutiririka, na zote mbili huipokea molekuli ngeni. Entropia ya kuchanganyika inaongezeka huku na kule kwa kiasi kinachokaribia kulingana, na kwa hiyo hakuna fazi inayopata nafuu kubwa dhidi ya nyingine. Kinachoamua ni uwezo wa kila kijenzi kudumisha mwelekeo wa pamoja, na uwezo huo hujumlishwa kwa kufuata wingi wa kila kijenzi. Ndiyo maana kiwango cha kung'aa cha mchanganyiko wa kampaundi zinazofanana kikemia hukaribia mstari ulionyooka kati ya viwango vya vijenzi.

Kanuni ya fazi ya Gibbs inataka, hata hivyo, kwamba mpaka huo usiwe mstari mmoja. Katika shinikizo lisilobadilika, idadi ya vigezo huru ni C − P + 1, ambapo C ni idadi ya vijenzi na P ni idadi ya fazi. Kampaundi moja yenye fazi mbili haina kigezo huru. Hung'aa katika halijoto moja. Mchanganyiko wa vijenzi viwili wenye fazi mbili una kigezo huru kimoja, na hivyo nematiki na isotropiki zinaweza kuishi pamoja katika ukanda wa halijoto. Mchanganyiko huanza kung'aa katika halijoto moja na kumaliza katika nyingine.

Upana wa ukanda huo unategemea ukubwa wa joto la mpito. Kwa kutumia tena A na B, na kuchukulia kwamba A hung'aa katika nyuzi 45 na B katika nyuzi 75, na kwamba kila moja huhitaji kilojuli 0.6 kwa mole kufanya hivyo, hesabu bora inatoa ukanda usiozidi takriban sehemu 0.15 ya digrii karibu na katikati ya mchoro. Mlinganyo ni wa aina ileile uliotumika katika kuyeyuka, ila sasa umetumika kwa fazi zote mbili, na joto lenyewe ni dogo kwa zaidi ya mara thelathini. Ukanda hupanuka pale vijenzi vinapotofautiana sana kwa viwango vya kung'aa, au pale kimoja kinapokuwa si fuwele kimiminika kabisa.

Sasa faida ya kuchanganya inaweza kusomwa kwa tarakimu. A peke yake ina upana wa nematiki wa nyuzi 15, na B nyuzi 25. Mchanganyiko wa yutektiki unayeyuka katika nyuzi 15.5 na, kwa wastani wa mstari ulionyooka, unang'aa karibu na nyuzi 55. Upana wake ni takriban nyuzi 39, mkubwa kuliko wa kijenzi chochote. Faida hiyo yote imetoka chini, katika mpaka wa kuyeyuka. Juu mchanganyiko haukupata zaidi ya wastani.

5.0 Sianobaifenili na Mchanganyiko wa E7

Historia ya skrini za fuwele kimiminika inatoa kielelezo halisi cha kanuni hizi. Mwaka 1969 Hans Kelker na Bruno Scheurle walitangaza kampaundi ya MBBA, iliyokuwa nematiki katika halijoto ya chumba. Yenyewe na jamaa zake zilichanganywa kwa madhumuni yaleyale ya kupanua upana wa nematiki. Udhaifu wake ulikuwa wa kikemia: kiungo kinachounganisha pete zake mbili huvunjwa na maji, hata unyevu wa hewa, na viwango vyake hushuka kadiri inavyoharibika.

George Gray na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walikiondoa kiungo hicho na kuziunganisha pete moja kwa moja. Matokeo yalikuwa sianobaifenili, zilizotengenezwa mwaka 1972 na kutangazwa mwaka 1973. Inayojulikana zaidi ni 5CB, yenye mkia wa kaboni tano, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 24 na kung'aa karibu na nyuzi 35. Uthabiti ulipatikana, lakini upana wa nyuzi 11 haukutosha kifaa chochote.

Peter Raynes, katika kituo cha utafiti wa rada cha serikali mjini Malvern, alitumia hesabu ya yutektiki kuchagua vijenzi na migawo yao badala ya kupapasa kwa majaribio pekee. Mchanganyiko wa E7 una, kwa uzani, asilimia 51 ya 5CB, asilimia 25 ya 7CB, asilimia 16 ya 8OCB na asilimia 8 ya 5CT. Ya pili ni baifenili yenye mkia wa kaboni saba. Ya tatu ina oksijeni kati ya kiini na mkia wa kaboni nane. Ya nne ina pete tatu badala ya mbili.

Kila kijenzi kina kazi inayoeleweka kwa kanuni za sehemu zilizotangulia. 5CB na 7CB hutoa msingi unaoyeyuka katika halijoto ya chini. 8OCB huongeza kijenzi chenye umbo tofauti, hivyo kushusha yutektiki, na kwa kuwa hung'aa karibu na nyuzi 80, huinua pia mpaka wa juu. 5CT huyeyuka karibu na nyuzi 130 na kung'aa karibu na nyuzi 240. Peke yake haifai, lakini asilimia 8 yake inatosha kuupandisha mpaka wa kung'aa kwa kiasi kikubwa. Inaingia kwa kiasi kidogo kwa sababu ileile iliyoonekana kwa C katika mfano wa kubuni.

Wastani wa mstari ulionyooka unaweza kupimwa hapa. Ikichukuliwa migawo ya uzani, pamoja na viwango vya kung'aa vya 35, 43, 80 na 240, jumla inakaribia nyuzi 61. Ikichukuliwa migawo ya mole, inakaribia nyuzi 57. Mchanganyiko wenyewe hung'aa karibu na nyuzi 60. Utabiri wa kanuni rahisi kama hiyo umekaribia mno, ingawa tofauti ya nyuzi nne kati ya hesabu mbili inaonesha kwamba ripoti isiyotaja aina ya mgawo uliotumika haiwezi kukaguliwa. Kiwango cha kuyeyuka kilichotajwa kwa E7 ni nyuzi 10 chini ya sifuri. Hivyo, upana umeongezeka kutoka nyuzi 11 za 5CB hadi takriban nyuzi 70.

6.0 Fazi ya Smektiki na Mipaka ya Kanuni

Katika maelezo ya E7 kuna jambo lililorukwa. 8OCB ikiwa peke yake ina fazi ya smektiki A kati ya takriban nyuzi 54 na nyuzi 67, chini ya nematiki yake. Ndani ya E7 smektiki hiyo haionekani. Kama mpaka wa smektiki ungefuata wastani au mlinganyo wa kuyeyuka, kutoweka huko kungepaswa kutabirika kwa tarakimu za vijenzi pekee. Hali halisi ni ngumu zaidi, kwa kuwa tabaka la smektiki halikatai molekuli ngeni kama fuwele, wala haliipokei bila masharti kama nematiki. Linaipokea iwapo urefu wake na chaji zake vinaafikiana na nafasi kati ya matabaka.

Mfano unaofundisha zaidi ni mchanganyiko wa 8OCB na 6OCB. Kampaundi hizi zinatofautiana kwa kaboni mbili tu za mkia. 6OCB haina smektiki. 6OCB inapoongezwa katika 8OCB, eneo la smektiki hupungua, na linatoweka pale sehemu ya 6OCB inapofikia takriban asilimia 30. Kabla ya kutoweka hutokea jambo lisilotarajiwa: mchanganyiko unapopoa hupita kutoka isotropiki hadi nematiki, kisha smektiki A, kisha hurudi nematiki. Fazi yenye mpangilio mdogo inajitokeza katika halijoto ya chini kuliko fazi yenye mpangilio mkubwa. Patricia Cladis alitangaza tabia ya aina hii kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika mchanganyiko wa kampaundi nyingine mbili zenye kundi la siano, na fazi hiyo ya chini inaweza kuitwa nematiki rejea.

Ufafanuzi unaokubalika unahusu jozi za molekuli. Kundi la siano lina dipoli yenye nguvu, na molekuli mbili jirani huelekea kulala kinyume, kichwa cha moja mkabala na mkia wa nyingine, ili dipoli zibatilishane. Viini hupishana kwa sehemu, na jozi huwa na urefu wa takriban mara 1.4 ya molekuli moja. Matabaka ya smektiki hujengwa kwa urefu huo wa jozi. Halijoto inaposhuka, jozi huongezeka na msongamano hupanda. Katikati ya jozi, penye viini, pananenepa kuliko penye mikia, na matabaka hayawezi tena kupangika bila kuacha nafasi tupu. Matabaka huvunjika, mwelekeo wa pamoja hubaki, na matokeo ni nematiki.

Kinyume chake pia hutokea. Kampaundi yenye kundi la siano inapochanganywa na nyingine isiyo na kundi hilo, zote mbili zikiwa nematiki tu, smektiki inaweza kuzaliwa katikati ya mchoro mahali ambapo hakuna kijenzi kilicho nayo. Mvutano kati ya molekuli za aina mbili tofauti unakuwa na nguvu kuliko kati ya molekuli za aina moja. Kwa mtengenezaji wa skrini, smektiki ya namna hiyo ni hasara, kwa kuwa huufupisha upana wa nematiki kutoka chini bila kuonywa na hesabu ya yutektiki.

7.0 Athari katika Upimaji na Uripoti

Tofauti zilizoelezwa zina uzito katika maabara. Mpaka wa kung'aa ni rahisi kupima: nematiki na isotropiki hubadilishana karibu katika halijoto ileile wakati wa kupasha na wa kupoza. Mpaka wa kuyeyuka haupo hivyo. Fuwele yabisi huhitaji muda na kiini cha kuanzia ili ijengeke, na mchanganyiko wa vijenzi vingi hupoa kupita kiasi bila kuganda. E7 yenyewe huweza kupozwa hadi karibu nyuzi 60 chini ya sifuri na kugeuka kioo bila fuwele kujitokeza. Mtafiti anayesoma mpaka wa chini wakati wa kupoza tu ataripoti upana mkubwa kuliko ulio thabiti. Sampuli inapaswa kuhifadhiwa katika baridi kwa muda mrefu, ikiwezekana iwekewe chembe za fuwele, kisha isomwe wakati wa kupashwa. Suala hili si la kinadharia tu: kifaa kinachofanya kazi vizuri katika jaribio la saa moja kinaweza kuganda baada ya kukaa wiki kadhaa ghalani wakati wa baridi.

Kalorimita husaidia kuthibitisha yutektiki. Mchanganyiko ulio kwenye yutektiki huonesha kilele kimoja chembamba cha kuyeyuka. Ulio pembeni huonesha kilele hicho katika halijoto ileile, kikifuatwa na mteremko mpana wa kijenzi kilichozidi. Eneo la kilele cha yutektiki, likichorwa dhidi ya mgawo wa vijenzi, hufikia upeo penye yutektiki yenyewe. Njia hiyo ni ya kuaminika kuliko kutegemea sampuli moja. Endapo kilele cha halijoto isiyobadilika hakionekani, dhana ya yabisi tupu inapaswa kutiliwa shaka.

Hadubini ya mwanga uliopolaraizwa nayo hutumika kutambua fazi kwa kugusanisha kampaundi mbili kati ya vioo viwili, ili mchoro wote wa fazi ujitokeze katika eneo la mgusano. Kanuni ya utambuzi iliyojengwa na watafiti wa mji wa Halle, Ujerumani, husema kwamba fazi mbili zinazoendelea bila mkatiko katika michanganyiko yote ni za aina moja. Kinyume chake hakithibitishi chochote: fazi mbili za smektiki A zinaweza kutenganishwa na nematiki katikati ya mchoro na bado zikawa za aina moja. Mkatiko ni swali linalohitaji ushahidi mwingine, kama vile vipimo vya eksirei vya umbali kati ya matabaka.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mipaka mitatu ya mchoro wa fazi wa mchanganyiko wa fuwele kimiminika ina asili tatu. Mpaka wa kuyeyuka hushuka chini ya vijenzi vyote kwa sababu fuwele yabisi huikataa molekuli ngeni ilhali kimiminika huipokea. Hutabiriwa kwa viwango na joto la kuyeyuka la kila kijenzi. Mpaka wa kung'aa hukaribia wastani kwa sababu fazi zote mbili huipokea, na ukanda wake huwa mwembamba kwa sababu joto la mpito ni dogo. Mpaka wa smektiki hauna kanuni ya jumla ya aina hiyo. Hutegemea jinsi molekuli za aina mbili zinavyoafikiana ndani ya tabaka, na hivyo hupaswa kupimwa kila mara vijenzi vinapobadilishwa.

Kwa msingi huo, tasnifu inayowasilisha mchanganyiko mpya inapaswa kubainisha mambo manne: migawo imetolewa kwa uzani au kwa mole, mpaka wa chini ulisomwa wakati wa kupasha au wa kupoza, na baada ya muda gani wa kuhifadhiwa, kuna ushahidi gani kwamba yabisi zilizojitenga zilikuwa tupu, na eneo lote la mchoro lilichunguzwa kwa hatua ndogo kiasi gani ili smektiki isiyotarajiwa isipitwe. Bila majibu hayo, upana wa nematiki unaotajwa hauwezi kulinganishwa na wa mchanganyiko mwingine wowote, hata kama vipimo vyenyewe vilifanywa kwa uangalifu.